Safari ya Zeppelin L 59

Safari ya Zeppelin L 59 ilikuwa jaribio la jeshi la majini la Ujerumani la kupeleka risasi, silaha na dawa kwa njia ya anga hadi Afrika ya Mashariki ya Kijerumani (leo Tanzania bara, Rwanda na Burundi) mnamo Novemba 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Chombo hicho kiliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba kikiwa na watu 22 na shehena ya tani 15 hivi. Kilivuka Bahari ya Mediteranea na jangwa la Misri, kikafika Sudan, magharibi ya Khartoum, na hapo kikaamriwa kurudi. Kilitua Jamboli tarehe 25 Novemba baada ya kukaa angani saa 95 na kusafiri kilomita 6,757 bila kutua.

Safari hiyo haikufikisha mzigo wowote. Hata hivyo inahesabiwa kati ya majaribio ya kwanza kabisa ya usafirishaji wa kijeshi kwa anga kutoka bara moja hadi jingine. Inatoa pia picha ya kazi za watumishi wa aina hii ya jeshi: nahodha, mwongoza njia, fundi wa injini, mtu wa simu ya upepo na daktari. Kwa upande wa Afrika ya Mashariki, inakumbusha kwamba mizigo yote ambayo haikuja kwa anga ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi.

Historia ya nyuma

Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Uingereza zilifunga pwani ya koloni la Kijerumani. Meli mbili tu za mizigo kutoka Ujerumani zilifaulu kupenya. Ya kwanza, Rubens, ilifika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga mnamo Aprili 1915. Ya pili, Marie, ilitia nanga Sudi karibu na Lindi mnamo Machi 1916. Baada ya hapo hakuna meli nyingine iliyofika. Jeshi la kikoloni chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilibaki likitegemea akiba yake, mazao ya nchi na silaha lilizoteka.

Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini chini ya jenerali Jan Smuts yaliingia kutoka kaskazini. Mwezi Agosti yalijaribu kuwazingira Wajerumani kwenye Milima ya Nguru, katika eneo la Turiani na misioni ya Mhonda ambayo leo ni sehemu ya Wilaya ya Mvomero, Mkoa wa Morogoro. Mtego huo haukufunga. Wajerumani walirudi nyuma kupitia Turiani hadi Mto Wami, wakapigana Dakawa, kisha wakaelekea kusini. Tarehe 26 Agosti 1916 Waingereza waliingia mji wa Morogoro na kukuta adui ameshaondoka kuzunguka Milima ya Uluguru kwenda Kisaki.

Kuanzia hapo vita vilihamia nchi isiyo na reli. Wanyama wa mizigo walikufa kwa wingi kwa sababu ya mbung'o, na magari yalikwama kwenye matope ya masika. Kila risasi na kila kibaba cha unga kilitegemea mgongo wa binadamu.

Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917 pande mbili zilipigana Mahiwa, katika eneo la Lindi. Waingereza walipata hasara kubwa mno, lakini Wajerumani nao walitumia karibu akiba yao yote ya risasi za kisasa zisizotoa moshi. Mahitaji ya Lettow-Vorbeck kwa wakati huo yalikuwa wazi: risasi na dawa.

Wazo na maandalizi

Pendekezo la kutuma chombo cha anga lilitolewa na Max Zupitza, daktari aliyewahi kutumika katika makoloni ya Kijerumani barani Afrika. Wakuu wa jeshi la majini walilikubali mwaka 1917. Mpango uliwekwa kuwa siri na kuitwa "Jambo la China".

Ndege za mabawa za wakati ule hazikuweza kwenda mbali hivyo zikiwa na mzigo. Zeppelin iliweza. Ilikuwa chombo kirefu chenye mifupa ya metali nyepesi, kilichofunikwa kwa kitambaa na kubeba ndani yake mifuko mikubwa ya gesi ya hidrojeni. Kwa kuwa hidrojeni ni nyepesi kuliko hewa, ndiyo iliyoinua chombo. Injini zilikuwa na kazi ya kukisukuma mbele tu.

Chombo cha kwanza kilichotengwa kwa safari hiyo, L 57, kiliharibiwa na dhoruba na kuungua mwanzoni mwa Oktoba 1917, kabla ya kuondoka Ujerumani. Nafasi yake ilichukuliwa na L 59, ambacho kilirefushwa hadi mita 226.5 ili kibebe gesi zaidi. Kilikuwa na nafasi ya mita za ujazo 68,500 za hidrojeni na injini tano za Maybach.

Safari ilipangwa kuwa ya kwenda tu. Afrika ya Mashariki hapakuwa na kiwanda cha kujaza hidrojeni upya, kwa hiyo chombo chenyewe kilihesabiwa kuwa sehemu ya msaada:

- kitambaa cha nje kilikusudiwa kushonwa mahema na nguo;
- vitambaa vya mifuko ya gesi vilikusudiwa kuwa mifuko ya kulalia;
- ngozi iliyotandikwa kwenye njia ya ndani ilikusudiwa kushonwa viatu;
- vipande vya mifupa ya metali vilikusudiwa kuwa milingoti ya simu ya upepo;
- injini zilikusudiwa kuzalisha umeme.

Wanamaji nao hawakutarajiwa kurudi. Baada ya kutua wangejiunga na jeshi la Lettow-Vorbeck na kupigana kwa miguu. Shehena ilikuwa na risasi zaidi ya 300,000, bunduki za rashasha pamoja na vipuri vyake, dawa, bandeji, vifaa vya kushonea, visu vya porini na barua.

Mwenendo wa safari

L 59 kilifika Jamboli tarehe 4 Novemba 1917. Mji huo ulichaguliwa kwa sababu ulikuwa kituo cha kusini kabisa cha vyombo hivyo katika nchi zilizoshirikiana na Ujerumani. Majaribio mawili ya kuondoka katikati ya Novemba yalishindikana. Katika la pili, chombo kilipigwa risasi na askari wa Kituruki ambao hawakukitambua kuwa ni cha rafiki yao.

Asubuhi ya tarehe 21 Novemba kiliondoka tena. Kilipita juu ya nchi ya Uturuki na pwani ya Smyrna (leo Izmir). Usiku karibu na Krete kiliingia katika dhoruba ya radi. Mianga ya umeme ilicheza juu ya mwili wa chombo bila kuunguza, na waya wa simu ya upepo ukavutwa ndani kwa usalama. Kwa hiyo kwa muda huo chombo hakikuweza kupokea habari.

Alfajiri ya tarehe 22 kilivuka pwani ya Afrika karibu na Mersa Matruh, kikashika njia ya kusini juu ya oasisi za Farafra na Dakhla. Hapo matatizo ya jangwa yalianza. Hewa ya moto iliyopanda kutoka mchangani ilikiyumbisha chombo, na wanamaji waliozoea bahari ya kaskazini wakapatwa na kichefuchefu na maumivu ya kichwa. Mchana huo injini moja iliharibika. Ilikuwa ndiyo iliyozalisha umeme wa kutumia ujumbe. Kuanzia hapo L 59 kiliweza kusikia lakini hakikuweza kujibu.

Tatizo jingine linaeleweka kwa somo la kawaida la fizikia. Gesi ikipata joto hutanuka, na sehemu yake hulazimika kuachiwa nje ili mifuko isipasuke. Usiku wa jangwani baridi huingia haraka, gesi iliyobaki husinyaa, na nguvu ya kuinua hupungua. Njia ya kufidia ni kumwaga maji yaliyobebwa kwa ajili ya uzani, lakini akiba yake ina mwisho, na jangwani hakuna mvua ya kuijaza tena. Usiku wa kuamkia tarehe 23 chombo kilishuka kwa hatari, na ilibidi kutupa maji na sehemu ya mizigo ili kisigonge ardhi.

Usiku huohuo, muda mfupi baada ya saa sita, mtu wa simu alipokea amri kutoka Ujerumani: rudini. L 59 kilikuwa kilomita 200 hivi magharibi ya Khartoum. Kamanda aligeuza chombo, na asubuhi ya tarehe 25 Novemba kilitua Jamboli. Mafuta yaliyobaki yalitosha kwa zaidi ya siku mbili nyingine.

Sababu ya kuitwa kurudi

Chombo kilikusudiwa kutua upande wa kusini-mashariki wa koloni, kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde. Katikati ya Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alilazimika kuliacha eneo hilo. Aliwaacha nyuma wagonjwa na majeruhi wengi, akachagua wale walioweza kutembea na kuelekea Mto Ruvuma. Habari hizo zilipofika Berlin, ilionekana kwamba L 59 kingetua mikononi mwa Waingereza.

Baada ya vita yalienea masimulizi kwamba Waingereza ndio waliotuma ujumbe wa uongo ili kukigeuza chombo. Lakini habari ya msingi ilikuwa ya kweli: uwanja wa kutua haukuwapo tena mikononi mwa Wajerumani.

Siku ileile L 59 kilipotua Bulgaria, tarehe 25 Novemba 1917, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kushambulia kambi ya Wareno huko Ngomano, Msumbiji. Alikuwa na askari Waafrika wapatao 1,700 na Wajerumani karibu 300. Huko Ngomano aliteka bunduki, risasi, dawa na chakula. Mahitaji yaliyobebwa kwa kilomita maelfu angani aliyapata kwa adui ng'ambo ya mto. Vita vyake viliendelea mwaka mmoja kamili, hadi alipoweka silaha chini huko Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918.

Watumishi wa safari na njia zao za kazi

Ludwig Bockholt alikuwa kamanda wa L 59. Alikuwa afisa wa jeshi la majini mwenye cheo cha Kapitänleutnant, kinacholingana na kapteni wa nchi kavu. Kabla ya safari ya Afrika alikuwa kamanda wa L 23. Akiwa na chombo hicho, mnamo Aprili 1917 aliiteka meli ya matanga ya Norway iliyoitwa Royal katika Bahari ya Kaskazini, tukio la nadra sana la chombo cha anga kuteka meli. Yeye ndiye aliyekuwa na L 57 siku kilipoharibika, lakini aliachiwa uongozi wa safari. Baada ya kurudi, L 59 kiligeuzwa kuwa chombo cha kurusha mabomu, na mnamo Machi 1918 Bockholt alikishambulia nacho mji wa Naples, Italia. Tarehe 7 Aprili 1918, kikiwa njiani kwenda kushambulia Malta, L 59 kiliwaka moto na kuanguka katika mlango wa bahari wa Otranto. Bockholt na wote waliokuwamo walikufa.

Peter Strasser alikuwa mkuu wa vyombo vya anga vya jeshi la majini la Ujerumani. Aliamini kwamba safari ya Afrika ingethibitisha thamani ya kikosi chake. Alikufa tarehe 5 Agosti 1918 akiwa ndani ya L 70, kilichotunguliwa karibu na pwani ya Uingereza.

Hugo Eckener (1868–1954) ndiye aliyekirusha L 59 kutoka Ujerumani hadi Jamboli. Njia yake ya kazi ilikuwa tofauti na ya wanajeshi. Alisomea saikolojia hadi kupata udaktari, akawa mwandishi wa magazeti, na mwanzoni aliandika kuzikosoa Zeppelin. Baadaye alijiunga na kampuni yenyewe, akapata leseni ya urubani na wakati wa vita akawafundisha wanamaji wengi kuviendesha vyombo hivyo. Baada ya vita aliongoza safari za amani. Mwaka 1929 aliizunguka dunia na Graf Zeppelin.

Max Zupitza, mwenye wazo la safari, alipanda L 59 kama daktari.

Watumishi wa kawaida ndio waliokuwa wengi kati ya watu 22 wa safari. Majukumu yao yaligawanywa kama katika meli. Mwongoza njia alipima nafasi ya chombo kwa nyota na jua. Mshika usukani mmoja aliongoza kushoto na kulia, na mwingine kupanda na kushuka. Mafundi walikaa zamu karibu na kila injini, katika kelele na moshi. Fundi wa turubai aliziba matundu ya mifuko ya gesi. Watu wa simu ya upepo walisikiliza mchana na usiku. Safari nzima iliamuliwa na kazi za watu hawa wa chini: ufa katika gia ya injini moja ulinyamazisha chombo, na sikio la mtu mmoja wa simu ndilo lililosikia amri ya kurudi.

Wapagazi: wasafirishaji wa vita vya ardhini

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kilo 25 hivi. Kwa kipimo hicho, shehena ya tani 15 ya L 59 ni sawa na mizigo ya watu 600, bila kuhesabu wale wa kubeba chakula cha hao 600. Kiasi kile kilichoonekana Berlin kuwa maajabu ya ufundi kilikuwa sehemu ndogo ya kazi ya kila siku ya misafara ya miguu.

Kwa upande wa Uingereza pekee, wapagazi walioandikishwa au kulazimishwa katika miaka yote ya vita hukadiriwa kufikia milioni moja, na waliokufa kuwa karibu laki moja, wengi wao kwa kuhara, homa ya mapafu, malaria na njaa. Wajerumani nao walichukua wanaume na wanawake kwa nguvu katika vijiji walivyopita, na mara nyingi hawakuandika majina yao. Nchi iliyopitiwa na majeshi yote mawili, kutoka Milima ya Nguru hadi Uluguru na Rufiji, ilipoteza chakula na nguvu kazi kwa wakati mmoja.

Tofauti ya kumbukumbu ni kubwa. Saa na dakika za safari ya L 59 zimeandikwa, na kamanda wake anajulikana kwa jina na cheo. Wapagazi wengi hawana kaburi linalojulikana. Kumbukumbu yao iliyo hai zaidi ni majina ya mitaa: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Sanamu ya Askari mjini Dar es Salaam iliwekwa mwaka 1927 kwa heshima ya Waafrika waliotumika katika vita hivyo.

Umuhimu wa baadaye

Kijeshi, safari ya L 59 haikubadilisha chochote Afrika ya Mashariki. Kiufundi ilionyesha kwamba mzigo mkubwa unaweza kwenda mbali angani bila kutua, na uzoefu huo uliwasaidia waliotengeneza vyombo vya masafa marefu baada ya vita. Ilionyesha pia masharti ambayo usafirishaji wa kijeshi kwa anga hauyakwepi hadi leo: uwanja salama wa kushukia, mawasiliano ya pande zote mbili, na habari sahihi za mahali walipo wanaohitaji mzigo. L 59 kilikosa yote matatu kwa wakati mmoja.

Mwaka 1916 ndege za Uingereza zilikuwa zimejaribu kuwadondoshea chakula askari waliozingirwa Kut, Iraki, bila kuweza kuwaokoa. Kazi hii ilikomaa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hasa mwaka 1948 na 1949, ndege za Marekani na Uingereza zilipoulisha mji wa Berlin Magharibi uliofungiwa barabara na reli.

Katika Tanzania huru, Jeshi la Wananchi wa Tanzania lililoundwa mwaka 1964 lilijengewa uwezo wa usafirishaji wa anga kwa msaada wa Kanada, likitumia ndege kama Otter na Caribou zinazoweza kutua kwenye viwanja vifupi vya udongo. Kituo kikubwa cha ndege za kijeshi kilijengwa baadaye Ngerengere, mashariki ya mji wa Morogoro, katika mkoa uleule ambao majeshi ya mwaka 1916 yaliuvuka kwa miguu.

Tazama pia

- Afrika ya Mashariki ya Kijerumani
- Kariakoo
- Paul von Lettow-Vorbeck
- Turiani
- Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia